Kingamwili si ufunguo wa kufuli moja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nisahihishe sentensi moja. Katika makala yenu kuhusu kupima mikojo ya wanariadha wanaoshukiwa kujidunga EPO, mwandishi alieleza kwamba maabara hutumia kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu fulani, ambayo ni kama ufunguo unaofungua kufuli moja tu. Mimi ni mteknolojia wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni kuitafuta homoni hiyohiyo ya EPO kwa kingamwili. Niliyaamini maneno kama hayo kwa miezi minane, na najua yalichonifanyia.

EPO, kwa jina kamili erithropoietini, hutolewa na figo oksijeni inapopungua mwilini, ili uboho wa mifupa uongeze chembe nyekundu za damu. Ni haba mno. Kwa mtu mzima mwenye afya, mililita moja ya utegili wa damu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, haina hata nanogramu moja ya EPO, ilhali albumini, protini iliyo tele kuliko zote humo, peke yake hufika nanogramu milioni 40 hivi. Tena figo haziiweki akiba. Huitengeneza na kuiachia papo hapo. Ndiyo maana mwaka 1977, mtafiti Goldwasser na wenzake walipoisafisha EPO ya binadamu, walianza na lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeacha kuzalisha damu. Nikiwaza ukubwa wa kazi ile huwa nanyamaza kidogo kabla sijashika pipeti.

Kingamwili niliyopewa ilitoka kwa sungura, na karatasi iliyokuja nayo ilisema inatambua EPO. Nilipitisha protini za figo kwenye jeli, inayozipanga kwa uzito, nikazihamishia kwenye utando, kisha nikaulaza utando ndani ya kingamwili usiku kucha mahali pa baridi. Kesho yake, baada ya kuuosha na kuutia kingamwili ya pili, inayoonyesha ya kwanza iliposhika, mstari ukajitokeza, mweusi na mnyoofu, karibu na kilodaltoni (kizio cha uzito wa protini) 34, palepale EPO inapotarajiwa. Nikarudia, ukatokea tena. Nikamwonyesha mkuu wangu, tukaanza kupanga picha za ripoti.

Aliyetuzuia ni mwanafunzi aliyekuja kujifunza kwa wiki chache. Aliniuliza, "Dada, na kwenye seli zisizokuwa na EPO kabisa kunatokea nini?" Sikuwa na jibu.

Sasa, EPO ni mnyororo wa asidi amino 165 uliovikwa matawi manne ya sukari, na sukari hiyo ni karibu asilimia 40 ya uzito wake. Kipo kimeng'enya kinachokata matawi matatu kati ya hayo manne. Kikishafanya kazi, EPO ya kweli huwa nyepesi na kushuka kwenye jeli hadi karibu na kilodaltoni 20. Nikakitumia. EPO safi niliyoiweka pembeni kwa kulinganisha ilishuka, na kingamwili yangu iliiona vizuri. Mstari wa figo haukusogea. Nikaleta seli ambazo jeni ya EPO imeondolewa: mstari uleule, mweusi vilevile. Kumbe miezi minane nilikuwa napiga picha za protini nyingine.

Tatizo ni kwamba kingamwili haishiki protini nzima. Hushika kipande kidogo cha uso wake, mara nyingi asidi amino chache tu, na kipande kinachofanana nacho kinaweza kuwa kwenye protini isiyo na undugu wowote na EPO. Basi EPO ikiwa haba na ile nyingine ikiwa tele, mstari utakaouona ni wa ile iliyo tele.

Aibu yangu iliishia ndani ya chumba kimoja. Iliyowakuta watafiti wa saratani ilikuwa nzito zaidi. Walitaka kujua kama uvimbe wa saratani una kipokezi cha EPO, yaani protini ya seli ambayo EPO hujishikiza kwayo, maana wagonjwa walikuwa wakipewa homoni hii kwa upungufu wa damu na kulikuwa na hofu kwamba inaulisha uvimbe. Wengi walitumia kingamwili iitwayo C-20. Mwaka 2006, mtafiti Elliott na wenzake walionyesha kwamba C-20 inashika protini nyingine, ikiwemo iitwayo HSP70, ambayo seli za saratani mara nyingi huwa nayo kwa wingi. Kipokezi halisi kina kilodaltoni 59, lakini mstari uliokuwa ukisomwa ulikuwa kwenye 66. Elliott alikuwa mwajiriwa wa kampuni iliyouza EPO, na ni haki msomaji ajue hilo. Hata hivyo tofauti ya 59 na 66 mtu yeyote mwenye jeli anaweza kuipima mwenyewe.

Nirudi kwa wanariadha. Kipimo cha mkojo kilichotangazwa na Lasne na de Ceaurriz wa Ufaransa mwaka 2000 nakiheshimu sana, na sababu yake ni kinyume cha mfano wa ufunguo. Mnyororo wa asidi amino wa EPO ya mwilini na ya kiwandani ni mmoja, hivyo kingamwili waliyotumia ilizishika zote mbili bila kubagua. Kilichozitenganisha ni chaji ya umeme, kwa sababu seli za kiwandani huvika sukari tofauti. Lasne aligundua pia kwamba kingamwili ya pili, ile ya kuonyesha mstari, ilikuwa ikinata kwenye protini za mkojo. Akaibandua kingamwili ya kwanza kwa asidi, ikahamia kwenye utando mwingine ambao mkojo haujaugusa, na huko ndiko akaitia ya pili. Hatua hiyo moja ndiyo iliyomlinda mwanariadha asiyetumia dawa, na makala yenu haikuitaja.

Ninaomba mwandishi wenu aitaje katika toleo lijalo. Na siku nyingine akiletewa picha ya mstari mweusi, aombe aonyeshwe jeli nzima, pamoja na sampuli isiyokuwa na EPO.

Ni mimi msomaji wako,
Mteknolojia wa maabara