Sensa ilihesabu waliolala, mimi nikapikia walioamka wakaenda

Mhariri,

Kila nikifungua gazeti nakutana na matangazo ya ploti za Kitengela, Joska, Kamulu, miji midogo ya pembeni ya Nairobi, ati mji unakua kwa kasi, ati watu wamejaa, na sijawahi ona mtu akiandika hao watu ni wangapi, ni wa umri gani, wanalala wapi na wanashinda wapi. Naandika juu hiyo kitu ilinigonga mfukoni na najua sikuwa peke yangu.

Mimi naishi Pipeline hapa Embakasi na kazi yangu ni mapishi, kibanda cha chakula cha mchana, madondo (maharagwe), ndengu, chapati, ugali matumbo. Mwaka juzi nikaamua nifungue kingine Kitengela, kule Kaunti ya Kajiado. Na sikuenda kiujinga, wacha niseme hivyo, nilimwambia kijana wa dadangu anitolee kwa simu zile ripoti za sensa ya 2019 za Shirika la Kitaifa la Takwimu, ziko bure kwa intaneti mtu yeyote anaweza kuzisoma. Tukapata Kitengela watu 154,436. Kaunti yote ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka wa 2009 na miaka kumi baadaye imefika 1,117,840, nikasema haya, hapa ndio kwenye pesa, hata nikipata mtu mmoja tu kwa kila mia wa Kitengela hizo ni sahani elfu moja mia tano kwa siku nitazipikia wapi!

Siku ya kwanza nilipika sahani arobaini nikauza kumi na moja, na tatu kati ya hizo ni mafundi waliokuwa wakinijengea meza. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ya pili nikamuuliza mama mboga wa jirani kwani watu wa huu mji hawali, akacheka akaniambia dada, watu gani, hawa si wameondoka saa kumi na nusu alfajiri wakimbie jam, wako Nairobi huko kwenu wanakula kwa vibanda vyenu, utawaona saa mbili usiku wakishuka matatu.

Sasa hapo ndio nikarudi kwa zile karatasi na macho mengine. Sensa ya 2019 iliuliza ni nani alilala kwa hii nyumba usiku wa Jumamosi tarehe 24 Agosti, tena mtakumbuka baa zilifungwa saa kumi na moja jioni ili walevi wapatikane kwao. Kwa hivyo ile namba yangu ilikuwa sawa kabisa, haikunidanganya hata kidogo, ni vile ilihesabu vitanda na mimi nikadhani imehesabu tumbo za saa saba mchana. Na wale wanaokula mchana, wafanyikazi wa EPZ, ile eneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje ya nchi, wako ng'ambo tu hapo Athi River, lakini hiyo ni Machakos, wako kwa jedwali la kaunti ingine ambalo mimi hata sikulifungua. Mpaka wa kaunti mtu mwenye njaa haujui.

Kitu ingine ni maji. Ripoti ya nne ya hiyo sensa ina jedwali la penye watu wanatoa maji, kama ni mfereji, kisima, bohoho (kile kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine) ama ya kununua, na ningelisoma mapema ningejua kujipanga. Lakini hata hilo jedwali halingeniambia kuwa maji ya bohoho ya Kitengela yana chumvi na madondo hayaivi ndani yake, unachemsha mpaka makaa yanaisha na bado yanagonga meno. Nililazimika kununua maji ya bauza, lile lori la maji, na gharama yake sikuwa nimeiweka popote. Hiyo utaambiwa na mwenye kupika pale pale, ama uende na kilo moja ya madondo na jiko ujaribu kabla hujalipa deposit. Deposit yangu mwenye nyumba alikataa kunirudishia mpaka leo lakini hiyo ni hadithi ya siku ingine.

Sisemi watu watupe namba, hapana. Bila namba ndio tunaishi kwa uvumi. Si tulikuwa tunaambiwa Kibera ina watu milioni moja, kila mgeni anakuja anarudia milioni, halafu sensa ya 2009 ikahesabu 170,070 na watu wakazozana. Na kuna namba moja ndogo imenisaidia sana hapa hapa Nairobi: kwa wastani nyumba ya Kenya ina watu 3.9 lakini ya Nairobi ina 2.9. Hiyo nusu ya Pipeline inaelewa bila kuambiwa, mtu mmoja na singo yake (chumba kimoja) ama wawili na mtoto, ndio maana hapa unga wa kilo moja unatoka haraka, na mtu akija kibandani anataka chapati mbili na madondo ya kubeba kwa karatasi, hana haja ya sufuria ya familia. Nilianza kupima kipimo kidogo na sikutupa chakula tena.

Ombi langu kwako mhariri ni hili. Ripoti za sensa zikitoka magazeti yote, na lenu pia samahani, huwa yanakimbilia makabila, nani wengi nani wamepungua, na wanasiasa wanashindana wiki mbili halafu kwisha. Lakini zile ripoti zinashuka mpaka kata ndogo. Mtuchapishie ukurasa mmoja kila wiki, mji mmoja mdogo kila wiki, idadi, umri, maji, na mumtume mwandishi wenu asimame stejini saa kumi na moja alfajiri na tena saa mbili usiku ahesabu wanaopanda na wanaoshuka. Na msisahau hizi namba zimezeeka, barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands imefunguliwa 2022 watu wamehama sana tangu hapo na sensa ingine tunaitarajia 2029.

Kibanda cha Kitengela sikukifunga. Nilihamisha meza stejini, nawasha jiko saa kumi na moja jioni, madondo nayachemshia Pipeline asubuhi kwa maji ya mfereji, halafu nayabeba kwa matatu yakiwa yameiva, na kufikia saa tatu usiku huwa nimebaki na supu tu chini ya sufuria.

Mama Chapati,
Pipeline, Nairobi