Maboksi ya juisi yaletwe vitaluni

Ndugu Mhariri,

Pita kwenye ukumbi wa harusi hapa Morogoro Jumapili asubuhi, kabla gari la taka halijafika. Waokota chupa wamekwishapita alfajiri: chupa za maji hakuna, makopo hakuna. Yaliyobaki ni maboksi ya juisi, marundo kwa marundo, kwa kuwa hayana mnunuzi. Boksi lile si karatasi tupu. Karibu robo tatu ya uzito wake ni karatasi ngumu, lakini imebanwa pamoja na plastiki na utando mwembamba wa alumini, na kuvitenganisha kunahitaji kiwanda chenye mitambo yake.

Shule nazo huwashindanisha watoto kutengeneza maua na vikasha vya kalamu kwa maboksi hayo. Sina ugomvi na ubunifu. Ila ua la boksi, mgeni rasmi akishalipiga picha, hurudi jalalani, safari hii likiwa na gundi na rangi juu yake. Wapo pia wanaoyawashia mkaa. Yanawaka kweli, lakini moshi wake ni wa plastiki, na wanaouvuta ni mama na watoto.

Mimi naotesha miche ya kuuza, na kila msimu nanunua viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 halikuvigusa, kwa hiyo bado tunavijaza udongo, tunavichana siku ya kupanda na kuvitupa shambani. Boksi la lita moja linafanya kazi hiyohiyo. Kata juu, toboa matundu manne au matano chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi. Kwa kuwa lina pembe, yanapangwa kwenye kreti yakabanana bila kuanguka, jambo ambalo kila aliyewahi kusafirisha viriba kwa bodaboda atalithamini. Likilazwa na kukatwa ubavu mmoja, linakuwa trei nzuri ya kusia nyanya au pilipili hoho. Yale madogo ya watoto yanatosha mche mmoja mmoja wa nyanya.

Lisisifiwe kupita kiasi, hata hivyo. Maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa, na baada ya miezi michache kitako kinalainika. Kwa mpapai au mlonge, ambao hauchelewi kwenda shambani, si tatizo. Kwa parachichi linalosubiri kubebeshwa, yaani kuunganishwa kikonyo cha mti mwingine, nunua kiriba. Na siku ya kupanda, boksi litolewe lote. Karatasi itaoza, plastiki na alumini vitabaki ardhini.

Kuna na matumizi mengine ambayo sioni yakitajwa. Ule upande wa ndani unaong'aa hurudisha joto. Fundi akiyapasua, akayaunganisha na kuyatundika chini ya bati, akaacha nafasi ya hewa katikati, banda la kuku litapungua joto mchana. Yawekwe mbali na midomo ya kuku tu, maana watayadonoa.

Shule inayotaka kupanda miti mvua za masika zikianza ingeweza kupata vyombo vyake vyote kwenye kumbi mbili tatu, bure. Sisi wa vitalu tutayafuata wenyewe, na kuyasuuza tutasuuza. Tunachowaomba wenye kumbi ni gunia la pembeni, maboksi yasichanganywe na mabaki ya pilau.

Mwotesha miche,
Morogoro