Kampuni ikiuzwa, tuambieni soko limebaki na nani

Mhariri,

Nasoma kurasa zenu za biashara kila wiki, na zina kasoro moja inayonikera. Kampuni ikinunuliwa, mnatupa bei na picha ya wakurugenzi wakipeana mikono, basi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Nateete, hapa Kampala, hajui kama baada ya hapo atabaki na wauzaji wa saruji wanne au wawili.

Kampuni ya simu ya Airtel ilipoichukua mshindani wake Warid mwaka 2013, Uganda haikuwa na sheria ya jumla ya ushindani. Miaka kumi baadaye, Novemba 2023, Bamburi ya Kenya ikatangaza kuiuza Hima Cement kwa Sarrai Group na Rwimi Holdings, na hali ilikuwa ileile. Biashara inayovuka mipaka ilikuwa na tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, huko Lilongwe, Malawi. Hapa Kampala hapakuwa na mlango wa kubisha.

Tangu Februari 2024 Sheria ya Ushindani ipo. Inakataza mambo ambayo wafanyabiashara wetu wengi wanayaona ya kawaida kabisa, kama washindani kukaa pamoja wakapanga bei. Mimi ni wakili, na hutokea mteja akaniletea muhtasari wa kikao cha chama chao, bei mpya imeandikwa na wote wametia sahihi chini, anataka nimhakikishie kwamba umeandikwa vizuri. Umeandikwa vizuri mno. Mwendesha mashtaka hangehitaji kingine.

Ila atashtakiwa na nani? Kenya ina mamlaka yake ya ushindani, na Agosti 2023 iliwatoza watengenezaji tisa wa chuma zaidi ya shilingi milioni 338 za Kenya kwa kupanga bei. Tanzania nayo ina Tume ya Ushindani. Sisi kazi hiyo tumeipa Wizara ya Biashara, Viwanda na Vyama vya Ushirika, kipindi ambacho Serikali inapunguza mashirika yake ili kubana matumizi. Hoja ya gharama naielewa. Lakini waziri ni mwanasiasa, anakaa meza moja na mawaziri wenye kampuni za umma chini yao.

Chukueni mafuta. Mwishoni mwa 2023 sheria ilibadilishwa, kampuni ya taifa UNOC ikawa mwagizaji pekee, ikinunua kutoka kampuni ya biashara ya mafuta ya Vitol Bahrain, na shehena zikaanza kuingia Julai 2024. Lengo lilikuwa kuwaondoa madalali wa Kenya waliokuwa wakitupandishia bei, na kero hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, vituo vyote vya mafuta, kuanzia Busia hadi Kisoro, sasa vinategemea mkono mmoja. Faida ya mkono huo ikizidi, mwenye kituo alalamike wizarani? Kwa Serikali ileile iliyoutunuku?

Wakati huohuo Arusha nako kumeamka. Mamlaka ya Ushindani ya Afrika Mashariki, iliyotungiwa sheria tangu 2006, ilianza Novemba 2025 kupokea taarifa za kampuni zinazoungana kuvuka mipaka. Kwa hiyo kampuni ya Uganda inaweza kujikuta ikiulizwa Lilongwe, Arusha na hapahapa Kampala. Mawakili hatulalamiki, ada ni ada. Anayelipa mwishowe ni mnunuzi wa mfuko wa saruji.

Ombi langu kwa wizara ni jepesi kuliko kuunda tume mpya: kila uamuzi chini ya sheria hii utangazwe hadharani pamoja na sababu zake, hata ule wa kuruhusu kampuni kuungana. Na kwenu, Mhariri: habari ya kampuni kununuliwa isichapwe bila kutaja washindani waliobaki na sehemu ya soko ya kila mmoja. Mkinyimwa takwimu, andikeni kwamba mmenyimwa, na aliyewanyima mtajeni.

Wakili wa biashara na ushindani,
Kampala