Barua kwa shoga yangu kuhusu saa zetu za kuandika

Tanga, Jumapili

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi hatujambo, ila mama, ambaye tangu alipopatwa na kiharusi upande wake wa kulia haujarejea sawasawa, ingawa siku hizi hunigombeza kwa kumpa uji mzito. Nami sina budi, kwa kuwa ukiwa mwepesi humpalia.

Nakuandikia kuhusu miadi yetu ya saa tatu usiku ya kuandika riwaya pamoja. Riwaya yetu naipenda, lakini sura ya riwaya hudai mtu akae kitako akumbuke nani yuko wapi na nani kasema nini, na saa hiyo ndiyo ya kumwogesha mama, kumpaka mafuta na kumgeuza, kazi inayorudiwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Wifi hunipokea mchana. Kaka hutuma fedha, Mungu amzidishie, ingawa sijaona fedha iliyomgeuza mgonjwa kitandani.

Kwa hiyo naomba riwaya tuiweke kando kwa muda, tutunge utenzi, kila mmoja ubeti wake kwa zamu, bila saa maalumu. Kipande cha mizani 8, yaani silabi nane, hukaa kichwani bila karatasi. Naweza kutafuta vina huku nikimnyoosha mama vidole vilivyokakamaa, na nikikwama, mara nyingine yeye mwenyewe hunipa kina pasipo kujua, maana neno likimpotea hujaribu kwa sauti mengine yanayofanana nalo, moja baada ya jingine, mpaka alipate au akasirike. Malenga Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa yeye mwenyewe. Mimi ninayeuguza tu, sioni udhuru wa kunyamaza kabisa.

Beti zangu nitakutumia kwa sauti kwenye simu, kwa kuwa mikono yangu mara nyingi ina mafuta. Ubeti ukichelewa, usinitungie wa kuziba pengo. Niulize hali ya mgonjwa, basi. Kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, napendelea kiwe "ya", kwa kuwa maneno yake ni mengi na hatutaishiwa upesi, lakini ukiona kimechuja, chagua kingine mapema, kabla hatujafika mbali. Ubeti wa kwanza anza wewe.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Shoga yako wa Tanga