Mashirika ya misaada yaseme, ila yatuambie nani anayalipa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita ulichapa makala ya msomaji mmoja aliyetaka mashirika ya misaada yanayofanya kazi Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, yagawe chakula na mahema, basi, siasa yawaachie wenye nchi. Alisema shirika linalokula fedha za serikali halina ruhusa ya kuzungumzia vita ya watu wengine. Nimeikata makala ile nikaitia ndani ya daftari langu, na nimeshairudia mara tatu. Mwandishi ana jambo la kweli mkononi, lakini amelishika upande usio wake. Naomba nafasi nimjibu, maana hiyo vita anayoiita ya watu wengine imewakuta shangazi zangu.

Nilizaliwa mwaka 1958 juu ya uwanda wa Mueda, hukohuko Cabo Delgado. Mwaka 1965, vita ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na Mreno ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja, mama alitupitisha Ruvuma usiku, mimi na mdogo wangu, kwa mtumbwi wa mtu ambaye hadi leo simjui jina. Tulilelewa Rutamba, mkoani Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi. Serikali ya Tanganyika na Zanzibar zilizokuwa zimeungana juzijuzi ilitupa ardhi, Umoja wa Mataifa na TCRS, shirika la Walutheri, wakaleta majembe, mbegu, dawa na walimu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilipelekwa Mtwara kumwona mjomba aliyekatwa mguu baada ya kukanyaga bomu la ardhini. Alilazwa kwenye hospitali ya FRELIMO, ile iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Nikamwona muuguzi msichana, Mmakonde kama mimi, akibadilisha bandeji bila kukunja uso. Siku ile niliamua kazi yangu. Nimekuwa mkunga mpaka nilipostaafu mwaka 2018.

Sasa namuuliza ndugu yangu mwandishi: bandeji zile zilikuwa siasa au hazikuwa?

Taasisi ya Msumbiji iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 chini ya Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane, kwa ajili ya kusomesha vijana wa Msumbiji, ilianza na fedha za Ford Foundation ya Marekani. Ureno ikalalamika, na Ureno ilikuwa mwenzake Marekani katika umoja wa kijeshi wa NATO. Fedha zikakatwa. Waliokuja kuziba pengo ni Waswidi: kuanzia mwaka 1965 serikali yao ikaichangia taasisi ile, na mwaka 1969 Bunge lao likaridhia misaada isiyo ya silaha iende moja kwa moja kwa vyama vya ukombozi. Hospitali ya mji wa Reggio Emilia, Italia, ilifunga udugu na hospitali ya FRELIMO ya Cabo Delgado mwaka 1970. Mwaka huohuo Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaanza kutoa ruzuku kwa wapigania uhuru, na likatukanwa sana kwa hilo. Wote hao waligawa vitabu, nguo na dawa, na wote walisimama hadharani wakasema Mreno aondoke. Wananchi wa Sweden waliishikia bango kampuni yao wenyewe, ASEA, mpaka mwaka 1969 ikajitoa kwenye ujenzi wa bwawa la Cabora Bassa, lililojengwa na Mreno Msumbiji.

Na yale ya Wiriyamu je? Tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Ureno waliua mamia ya wanakijiji mkoani Tete. Habari ilibebwa na mapadre wamisionari, kutoka mkono hadi mkono, mpaka padre Mwingereza Adrian Hastings akaitoa kwenye gazeti la The Times tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, hajatua London kwa ziara. Mapadre wale kazi yao ilikuwa kubatiza na kutibu. Wangefunga mdomo, Wiriyamu ingebaki kilio cha waliofiwa peke yao.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba mwenye kuleta blanketi hana haki ya kusema kwa nini mtu analala nje. Mimi ni mtoto wa blanketi na wa maneno hayohayo.

Lakini Mhariri, Waswidi hatukuwahi kuwadhania. Tulijua ni serikali yao inayotoa, tulijua inataka nini, na hawakuwa na mwanajeshi wala mkopo upande wa pili wa mto. Hapo ndipo mambo ya leo yanaponinyima usingizi.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Mtwara habari za Cabo Delgado. Vita ya waasi ilianza mjini Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Oktoba 2020 ikavuka mto ikatufikia kijijini Kitaya, huku kwetu Mtwara, watu wakachinjwa na nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, na mwezi uliofuata kampuni ya Total ya Ufaransa ikasimamisha mradi wake wa gesi pale Afungi, karibu na Palma, mradi wa dola bilioni 20. Julai mwaka ule wakaingia wanajeshi wa Rwanda, kisha wa SADC, wakiwemo vijana wetu.

Mwaka 2022 waliniita nikawe mkalimani. Lilikuwa shirika la misaada kutoka nje, jina lake naliacha. Walitaka mtu anayejua Kimakonde, Kimwani cha kuokoteza na Kiswahili, na mtu mzima ambaye akina mama hawatamwonea haya. Tulikwenda kwenye kijiji kimoja karibu na mto, nacho nakiacha, kwa ajili ya wale waliokimbia vita wakahifadhiwa na ndugu zao. Vijana waliokuja nao walikuwa na adabu. Walinipa posho yangu bila kuzungushana, na walileta sabuni, ndoo na dawa za kutibu maji ambazo zilifaa kweli. Nasema haya ili mtu asidhani naandika kwa kinyongo.

Mama mmoja, wa makamo, tulikaa naye chini ya mkorosho tangu asubuhi hadi jua likawa la utosi. Alizungumza mambo matatu, na aliyazungumza kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa ameyafunga kwenye pindo la kanga akisubiri wa kumfungulia. La kwanza, usiku ambao watu wenye mapanga na bunduki walikuja, na jinsi mumewe alivyokufa. Sitalirudia hapa. La pili, askari wa serikali waliokuja baadaye, na walichochukua ndani ya nyumba yake. La tatu ndilo alilokaa nalo kirefu zaidi. Kabla ya panga lolote, kijiji chao kwenye rasi ya Afungi kilihamishwa kupisha mradi wa gesi, wakapelekwa Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mstari. Nyumba nzuri, alisema, sizikashifu. Ila yeye tangu msichana alikuwa mtu wa pwani. Maji yakitoka wakati wa bamvua anashuka na wenzake kuokota chaza na kuchokoa pweza, na ndicho kilichosomesha watoto wake. Kule walikopelekwa, bahari ikawa safari. Akaniambia, "Mama, mimi nilianza kufiwa siku ile ya lori la kuhama." Nilimtafsiria yule kijana neno kwa neno, naye akaandika. Nilimwona akiandika.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Mpwa wangu aliifungua kwenye simu, tukaisoma pamoja kwa kuokoteza, yeye ana Kiingereza kuliko mimi. Yule mama yumo, wamembadilisha jina, vizuri. Jambo lake la kwanza limo, limeandikwa kwa uchungu unaostahili. La pili limebaki nusu sentensi. La tatu halimo kabisa. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kuna shukrani kwa serikali iliyofadhili kazi ile, na serikali hiyo ni miongoni mwa zile zilizokubali kuukopesha au kuudhamini mradi wa Afungi.

Sisemi kuna mtu aliyepiga simu akaamuru chaza wafutwe. Inawezekana mhariri wao aliona habari ni ndefu. Ninachosema ni kwamba sisi tuliokaa chini ya mkorosho hatukuwa na namna ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyetuambia fedha ya gari, ya sabuni na ya kinasa sauti imetoka kwa nani. Fomu ya ridhaa ilisomwa, mama akatia dole gumba. Jina la mfadhili halikutajwa. Angelijua, pengine lile la tatu angelianza nalo, au angewauliza mnalipeleka wapi.

Na mfuko huu unaotoa siku hizi ni mmoja wenye midomo mingi. Umoja wa Ulaya ni mfadhili mkubwa wa misaada Cabo Delgado, na Desemba 2022 uliwapa wanajeshi wa Rwanda waliopo kule euro milioni 20, na Novemba 2024 nyingine milioni 20. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025. Kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Katikati hapo, Machi 2025, benki ya serikali hiyohiyo ya kukuza mauzo ya nje ikapitisha mkopo wa karibu dola bilioni 4.7 kwa mradi wa gesi wa Afungi. Huenda kila uamuzi una sababu zake. Mimi nataka tu shirika linapokuja kuniandikia ushuhuda kuhusu vita hii liniambie liko kwenye mfuko upi.

Yule kijana nilimpigia simu nikamuuliza. Hakunikwepa. Alinijibu, "Bibi, tukiandika yote mwaka kesho hatupati fedha, na hao akina mama hawapati ndoo." Nimelifikiria sana jibu lake kwa sababu nimefanya kazi wodini, najua maana ya dawa kuisha. Sikumkasirikia. Ila jibu hilo linaonyesha kwamba aliyeandika kwenye gazeti lako amekosea mahali pa kuogopa. Yeye anaogopa mashirika kusema kupita kiasi. Mimi naogopa yanavyosema nusu, kwa jina letu, halafu nusu hiyo ikasomwa Brussels na Washington kama ndiyo kauli nzima ya watu wa Ruvuma.

Inawezekana kufanya vingine. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, haipokei fedha za serikali kwa uchunguzi wake, na ripoti yake ya Machi 2021 kuhusu Cabo Delgado iliwataja wote watatu: waasi, askari wa serikali, na kampuni ya mamluki ya helikopta. MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, ambao wamefanya kazi palepale, walikataa fedha za Umoja wa Ulaya na nchi wanachama wake tangu mwaka 2016 kwa kupinga mkataba wa Ulaya na Uturuki kuhusu wakimbizi. Friends of the Earth, shirika la mazingira, waliipeleka mahakamani London serikali ya Uingereza kwa sababu ya fedha ilizouahidi mradi huu. Wakashindwa, na rufaa wakashindwa Januari 2023, lakini kila mtu alijua wamesimama wapi. Najua si kila shirika linaweza kuishi kwa michango ya watu binafsi. Linaloishi kwa ruzuku ya serikali liendelee kupokea, na liseme, na litaje.

Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002, pamoja na kanuni za 2018, inayataka mashirika yaliyosajiliwa hapa yaweke wazi vyanzo vya fedha zao. Vizuri, ila uwazi huo unaishia kwa Msajili na kwenye kurasa za matangazo. Mama wa kijijini hasomi kurasa zile. Nawaomba wakuu wa wilaya na wenyeviti wa vijiji vya mpakani, kuanzia Msimbati hadi Newala, wakimpokea mgeni wa shirika kwenye mkutano wa kijiji wamuulize mbele ya watu: unalipwa na nani, na huyo anayekulipa ana nini kule ng'ambo? Na kabla ripoti haijachapwa, irudi. Isomwe kwa Kiswahili au Kimakonde mbele ya waliosema, hata kwa simu. Mkalimani yupo. Mimi mwenyewe nitaifanya kazi hiyo bila posho.

Yule mama bado yuko kwa ndugu zake. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea dagaa na kitenge. Tulipomaliza kula aliniuliza, kama anavyoniuliza kila nikienda, kama yale maneno yake ya chaza wameshayaandika. Nilimwambia bado, lakini kuna gazeti nitaliandikia.

Mkunga mstaafu,
Mikindani, Mtwara