Kabla ya fulana, tuulizane tunalala mita ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa vikundi vya jogging, hapa Dodoma na kwingineko, ambao siku hizi wameshikwa na hamu ya milima.

Kikundi chetu kimekusudia kwenda Mlima Kenya. Kileleni hatuna haja napo. Tunataka maporomoko na maziwa ya upande wa mashariki, kwa njia ya Chogoria: maporomoko ya Nithi, Ziwa Ellis, kisha bonde la Gorges lenye maporomoko ya Vivienne na Ziwa Michaelson, lililolala chini ya genge wanaloliita Temple. Hata nyumbani nimeulizwa kwa nini tusiende Kilimanjaro, mlima wetu wenyewe. Kilimanjaro tunaupenda, na ukitaka maporomoko yapo Materuni na Marangu, lakini kwa maziwa ya namna hii Mlima Kenya umejaliwa zaidi. Zamani barafu yake ilishuka chini mno kuliko mabaki yanayoonekana leo, ikakwangua miamba na kuchimba mabonde. Ilipoyeyuka iliacha mashimo, nayo yakajaa maji.

Mimi ni mweka hazina, kwa hiyo kila jambo hunifikia likiwa bei. Kamati iliomba makadirio kwa waandaaji wa safari. Mmoja wao, nisiyemtaja, alileta bei ya chini ajabu, na wajumbe wakapiga makofi kabla hawajafungua ukurasa wa pili. Nikaufungua. Usiku wa kwanza tunalala karibu na geti la hifadhi, mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa pili tunalala Hall Tarns, kwenye vijiziwa vilivyo juu ya genge lile la Temple, mita 4,300. Kesho yake tunateremka. Unafuu wote ulitoka hapo, kwenye usiku uliokatwa.

Wanaojua mambo ya milima hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, pa kulala leo pasipite pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Mpango ule unaruka mita 1,300 kwa siku moja, na wanaorushwa ni watu wa Dodoma, tuliozoea kuishi kwenye mita 1,100 na ushei. Kwa kilometa safari ilionekana ya kitoto, maana vijana wetu hukimbia zaidi ya hapo Jumamosi asubuhi na bado wakaenda kazini. Hapo ndipo ubishi ulipokolea. Kijana mmoja, ambaye mimi simfikii hata nikiwa juu ya bodaboda, alisema mapafu yake yako fiti. Sina shaka nayo. Ila kwenye mita 4,000 kila pumzi unayovuta ina oksijeni kama asilimia 60 tu ya ile ya pwani, na mwili unahitaji siku kuizoea hali hiyo, uwe mkimbiaji au mkaa ofisini. Tena mwenye miguu mizuri ndiye huwahi juu kabla mwili haujazoea. Usipozoea, kinaanza kichwa kuuma, chakula kinakataa, usingizi unapotea, unatapika. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au kukosa pumzi hali amekaa tu, hapo si suala la panadol. Ateremshwe saa ileile, hata kama ni usiku.

Nilichopendekeza ni hiki: usiku mmoja getini, na jioni hiyo tutembee hadi Nithi kunyoosha miguu; usiku mmoja Ziwa Ellis, kwenye mita 3,500 hivi; usiku mmoja Michaelson, karibu mita 4,000. Hall Tarns tupande mchana, tutazame, turudi chini kulala. Usiku wa ziada una gharama zake, yaani viingilio, chakula na posho ya wapagazi. Nimezipata kwa kufuta fulana za kikundi, bango, na basi la kukodi lenye muziki. Mpaka Arusha na Namanga mabasi ya kawaida yapo. Kuhusu fulana nimesemwa sana, nami nasema tena: fulana ya pamba ikilowa kule juu haikauki, inakunyonya joto. Hela hiyo ikakodi makoti ya mvua na mabegi mazito ya kulalia.

Na miezi. Kamati ilichagua Novemba kwa sababu Dodoma bado ni vumbi tupu. Novemba Mlima Kenya uko katikati ya mvua za vuli, na mvua ya kwetu haina habari na ya kule. Kipindi chao kikavu ni Januari na Februari, halafu Julai mpaka Septemba. Januari na Februari kwetu ni palizi, hakuna wa kumtoa shambani, hivyo tumebaki na Agosti. Wenye haraka waende kwanza Hanang, una mita 3,400 na zaidi na uko jirani yetu. Utawafundisha magoti yao yakoje kwenye mteremko. Hata huko wasiende msimu wa mvua. Maporomoko ya tope ya Katesh, chini ya mlima huo, ya Desemba 2023 hatujayasahau.

Kamati ya chakula nayo ilipanga maharage. Mama zangu wanajua kupika kunishinda, lakini kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa kwenye nyuzijoto 86 au 87, na maharage yatakaa jikoni yakitokota hadi gesi iishe, bado magumu. Tubebe vinavyoiva upesi: tambi, uji, dagaa, na unga wa mlenda mkavu wa Kigogo pamoja na karanga zilizosagwa. Mlenda huo ni mwepesi kubeba, na sijui kwa nini hakuna mwandaaji anayeutaja.

Kwa waandaaji nina ombi. Kwenye matangazo yenu mnaandika bei, picha ya ziwa na idadi ya siku. Ongezeni mstari mmoja unaotaja mita za kila mahali tutakapolala, na mwingine unaosema ni nani atakayeshuka na mgonjwa usiku na kama wenzake watabaki na mwongozaji. Kikundi chetu hakitalipa malipo ya awali kwa yeyote asiyejibu hayo mawili kwa maandishi.

Mweka hazina wa kikundi cha jogging,
Ipagala, Dodoma.