Mbwa akikojoa sebuleni, tazameni saa kabla ya kushika fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wale waliochukua mbwa wadogo wa manyoya, akina Maltese, Shih Tzu, Chihuahua na Pomeranian, ambao siku hizi tunawaona wakipandishwa lifti kwenye maghorofa ya Upanga na Mikocheni. Malalamiko yao yanafanana: mbwa anakojoa nyuma ya kochi, anaacha kinyesi koridoni, zulia linanuka hata baada ya kufuliwa. Na ushauri wanaopewa unafanana pia: mkamate shingo, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape, mfungie nje. Ushauri huo hauponyi tatizo, unalihamisha.

Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake pale tu yanapofuatana kwa sekunde moja au mbili. Ukirudi saa kumi na moja jioni ukamsugua pua kwenye mkojo wa saa saba mchana, anachojifunza ni kwamba mkojo ukiwa sakafuni na mtu akitokea mlangoni, kipigo kinafuata. Hivyo anaamua, na kwa akili kabisa, kutokojoa mbele ya mtu. Ndipo anapoanza kujificha chini ya kitanda. Ndipo pia anapotolewa nje na kamba, akazunguka dakika ishirini bila tone, halafu akaachia yote mara mnaporudi ndani na wewe kumpa kisogo. Mwenye mbwa anaona ukaidi, kumbe somo limeeleweka vizuri mno.

Watu hujibu, “Lakini anajua amekosa, mwone anavyoinamisha kichwa.” Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio kuhusu sura hiyo hiyo. Mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, mwenye mbwa akatoka chumbani, na aliporudi akaambiwa mbwa wake amekula au hakula, mara nyingine kinyume cha ukweli. Sura ya hatia ilifuata karipio, awe mbwa amekula au hakula. Waliojikunyata zaidi ni wale waliotii kisha wakakaripiwa bure.

Sasa tuje kwenye saa. Kibofu cha mbwa wa kilo mbili au tatu ni kidogo mno, na mtoto wa mbwa hajapata nguvu ya kukibana. Wafunzaji wengi huhesabu hivi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kuvumilia mchana. Kwa hawa wadogo wa sebuleni, msiongeze hiyo moja. Wa miezi miwili atolewe kila baada ya saa mbili, na akiwa macho anacheza, hata kila baada ya dakika arobaini. Juu ya hapo kuna nyakati zisizosubiri ratiba: anapoamka tu, anapomaliza kucheza, anapotoka kunywa maji, na kati ya dakika tano na thelathini baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huanza kusukuma. Usiku, mtoto wa miezi miwili ataamka mara moja au mbili. Mtoeni bila mazungumzo wala michezo, taa ikiwa hafifu, kisha arudi kulala.

Mpelekeni mahali pale pale kila safari, kwa kamba fupi, na msimame. Kutembeatembea kunamfanya anuse dunia nzima asahau kilichompeleka. Anapoanza kukojoa tamkeni neno moja mlilolichagua, “kojoa” linatosha, kwa sauti ya kawaida. Akimaliza, hapo hapo, kabla hajapiga hatua, mpeni kipande cha kuku kisichozidi punje ya mahindi. Wengi hutoa zawadi wakisharudi jikoni, na hapo wanamlipa kwa kurudi jikoni. Zikipita dakika tano bila kitu, mbebeni au mwekeni kizimbani, yaani kwenye tundu lake la kulalia, dakika kumi na tano kisha mtoke tena. Msimwachie sakafu akiwa na kibofu kilichojaa. Na anayekaa ghorofa ya sita abebwe mpaka chini, maana ngazi na lifti zina harufu za mbwa wengine na ni mbali kwa kibofu cha ukubwa ule.

Ila mtoto ambaye hajamaliza chanjo asitembezwe kwenye ukoka wa pamoja uliopo chini ya jengo. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, hukaa ardhini miezi mingi, na mbwa asiye na kinga huugua kwa kukanyaga tu na kujilamba. Chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Muda wote huo choo chake kiwe kibarazani: chukueni trei pana ya plastiki au beseni la kina kifupi, jazeni ukoka wenye udongo wake kutoka kwa wauza miche, na muubadilishe ukoka huo kila unapoanza kuoza. Ukoka wa plastiki huoshwa kila siku, la sivyo unanuka kuliko zulia. Gazeti nalo linafaa, likishasomwa bila shaka, lakini lina hila yake: mbwa aliyezoea karatasi hatofautishi gazeti la choo na lile mlilosahau sakafuni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanunuzi hawaambiwi. Kuanzia karibu wiki ya nane mtoto wa mbwa hujenga mazoea ya aina ya sakafu ya kujisaidia, na huitafuta sakafu hiyo kwa nyayo zake. Aliyelelewa kwenye banda la saruji, akila, akilala na kujisaidia hapo hapo, anapofika kwenu na kukuta vigae anaona amefika chooni. Ukoka kwake ni kitu kigeni. Mbwa wa namna hiyo hafundishwi kwa wiki moja. Anzeni kwa kumwekea kipande cha kigae ndani ya trei, kitawanyieni ukoka kidogo, na kila baada ya siku chache ongezeni ukoka hadi kigae kifunikwe chote. Kwa wanaozalisha na kuuza watoto wa mbwa, nawaomba kitu kidogo: gaweni banda sehemu mbili, matandiko upande mmoja na majani au vumbi la mbao upande wa pili. Kuanzia wiki ya tatu hivi watoto wanaanza wenyewe kuondoka kwenye matandiko kwenda kujisaidia. Mkiwanyima nafasi hiyo, mnauza tabia pamoja na mbwa.

Kizimba kinasaidia kwa sababu mbwa hapendi kuchafua anapolala. Kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikiwa kikubwa anageuza kona moja kuwa choo. Mkimfungia saa tano mfululizo atalazimika kujichafua, na akishazoea kulalia mkojo wake mmepoteza silaha nzuri kuliko zote. Asipokuwa kizimbani awe machoni mwa mtu, kwa kamba ya mita moja na nusu iliyofungwa kiunoni mwa anayemwangalia. Mbwa mkubwa akikojoa sebuleni nyumba nzima inajua. Huyu mdogo anachuchumaa sekunde mbili, anaacha vijiko viwili vya mkojo chini ya meza, na hakuna anayeona mpaka harufu ijitangaze. Dalili ni kuacha mchezo ghafla, kunusa chini huku akizunguka, na kuelekea pembeni. Mkimfuma katikati ya tendo, gonganisheni viganja vyenu mara moja kwa wepesi, mnyanyueni na mpelekeni mahali pake amalizie huko, kisha apewe zawadi kama kawaida.

Katika nyumba nyingi anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, wala si yule aliyemnunua. Ratiba isipomfikia yeye haipo. Iandikeni kwa saa, ibandikeni mlangoni mwa jokofu, pamoja na nafasi ya kuweka alama mbwa alipokojoa na alipokosea. Baada ya wiki moja karatasi hiyo itawaonyesha kwamba makosa mengi yanaangukia saa zile zile, mara nyingi dada anapopika au watoto wanaporudi shule. Na kama imani yake haimruhusu kugusa mkojo wa mbwa au mate yake, kazi hiyo apewe mwingine waziwazi. Kumlazimisha kunaishia kwa mbwa kufungiwa kibarazani kutwa.

Kuhusu usafi, wengi hukimbilia Jik. Inaua vijidudu, lakini haiondoi kile ambacho pua ya mbwa inakitafuta, na ikikutana na amonia iliyomo kwenye mkojo hutoa mvuke unaochoma macho na mapafu. Msiichanganye na siki pia, maana hapo hutoka gesi ya klorini. Fanyeni hivi: nyonyeni mkojo kwa magazeti au tambara kwa kukandamiza bila kusugua, suuzeni kwa maji baridi, halafu mwagieni mchanganyiko wa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu zinazovunja uchafu), kipimo kimoja kwa maji ya vuguvugu vipimo tisa. Paache pakiwa pamelowa dakika kumi na tano, suuzeni tena, pakauke. Kitambaa cha kochi kijaribiwe kwanza sehemu iliyofichika, na sufu au hariri msizitie kabisa. Madoa ya zamani yatafuteni usiku, taa zimezimwa, kwa ile tochi ya kukagulia noti bandia. Mkojo huonekana waziwazi. Mazulia na mikeka ikunjwe miezi miwili ya kwanza. Ukindu ukishanyonya mkojo hauna dawa.

Chakula kisichokuwa na saa huleta kinyesi kisichokuwa na saa. Chini ya miezi minne ale mara tatu au nne kwa siku, mkubwa mara mbili, na bakuli liondolewe baada ya dakika ishirini. Msimshindishe njaa kwa kuogopa uchafu, kwani sukari mwilini mwa vitoto vya jamii hizi hushuka haraka hadi vikaanguka. Maji asinyimwe mchana, hasa kwa joto la Dar es Salaam. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, na makombo ya ugali kila saa humfanya ajisaidie kila saa.

Akipita wiki tatu au nne bila kosa kwenye chumba kimoja, mfungulieni cha pili. Kufungua nyumba yote kwa furaha ya wiki moja safi ndiko kunakowarudisha wengi mwanzo. Masika nayo ina mtihani wake, maana mbwa wa tumbo lililo karibu na ardhi huchukia majani yaliyolowa. Tandikeni turubai dogo juu ya sehemu yake na mtoke na mwavuli.

Mkojo mwingine hauhusiani na mafunzo ya choo. Dume aliyevuka miezi sita anayeinua mguu na kuacha matone kwenye miguu ya meza anaweka alama, na kuhasiwa mapema hupunguza tabia hiyo kwa wengi. Anayelala chali au kuchuchumaa na kukojoa mnapomwinamia anaonyesha unyonge. Ingieni bila kumtazama, chuchumaeni mkiwa mmemgeuzia ubavu, aje mwenyewe. Karipio humzidishia.

Na mbwa aliyekuwa msafi miezi mingi kisha akaanza ghafla kukojoa ndani apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kufundishwa upya. Shih Tzu na jamaa zake hupata mawe ya kibofu; jike aliyefungwa kizazi anaweza kuvuja akiwa usingizini; kisukari na figo huongeza kiu. Pimeni maji anayokunywa: mbwa wa kilo nne akizidisha mililita 400 kwa siku, hiyo ni dalili. Mkojo ukiwa na damu, au rangi ya chai ya rangi iliyokolea akiwa na homa na kupe mwilini, msingoje kesho. Nendeni na sampuli ya asubuhi: tumieni upawa safi mkauingize chini yake anapokojoa, mimineni kwenye chupa iliyooshwa na kukauka, na ifike kwa daktari ndani ya saa moja au mbili, au ikae kwenye jokofu hadi mtakapoondoka.

Mfunza mbwa,
Upanga, Dar es Salaam